Mtaliano na Kadi ya Baba Mkwe

Marefa wote ninaowajua wana kiburi, nami nikiwamo, lakini yule mzee wa Kitaliano wa Toongabbie, hapa Sydney, alikuwa na kiburi cha kugawia watu na kikabaki. Alikuwa mkaguzi wetu. Kila Jumamosi ya majira ya baridi alikaa kando ya uwanja kwenye kiti cha kukunja, chupa ya kahawa miguuni, ubao wenye fomu mapajani, akituandikia makosa sisi tuliokuwa tunakimbia kwenye matope. Alikuwa anakaribia miaka themanini. Magoti yalikuwa yamekwisha, na kushuka tu kwenye gari kulimchukua muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshavaa viatu na kufunga kamba. Lakini akishakaa pale na kalamu yake, ungedhani yeye ndiye aliyeleta mpira duniani.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, naishi Doonside, na siku za kazi napakia vipuri vya magari kwenye ghala. Kule kambini nilichezesha mechi kwa kupiga mluzi wa vidole, maana kipenga hakikuwepo, na hakuna aliyelalamika kwamba hakusikia. Nilipofika Sydney nikasoma kozi ya urefa, nikapewa kipenga cha kweli na fulana ya njano, nikajiona mtu. Kwenye mechi yangu ya kwanza huyu mzee aliniita pembeni, akanitazama kuanzia soksi mpaka kichwani, akasema nakimbia kama mtu anayewahi treni. Hakusema karibu, hakusema hongera. Nilimchukia palepale, na kwa roho safi kabisa.

Basi ikawaje nikawa dereva wake? Alinyang'anywa leseni kwa sababu ya macho. Ndiyo, mkaguzi wa marefa, macho! Chama kikauliza nani anaishi karibu na Toongabbie, watu wote wakajitia hamnazo, na mimi mjinga nikanyoosha mkono. Nilidhani akinizoea atanipandisha daraja haraka. Nilichopata ni maisha yake yote, kila Jumamosi, kwenda na kurudi, kwa misimu minne.

Tuliongea Kiingereza, na chake cha miaka hamsini kilikuwa kibovu kuliko changu cha miaka minane. Alizaliwa kwenye mji mdogo wa mlimani kusini mwa Italia, baba yake fundi viatu. Mpira wenyewe ulimkataa tangu utotoni. Alikuwa mzito na hana shabaha. Akiwa na miaka kumi na saba aliona tangazo la kozi ya marefa limebandikwa kwa kinyozi, akaenda, na kuanzia siku ile, kwa maneno yake mwenyewe, akawa mtu asiye na rafiki. Alilisema hilo kama mtu anayekuonyesha nyumba aliyojenga.

Maana alikuwa na masharti yake. Kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili hakumsalimia mtu yeyote mtaani. Hakunyolewa tena kwao, alipanda basi akanyolewe mji wa pili, kwa sababu kinyozi wa kwao alikuwa shabiki. Hakwenda harusini kama upande mmoja wa maharusi ulikuwa na mchezaji. Yaani mtu anakutana na shangazi yake sokoni, anageuza uso, kisa mtoto wa shangazi anacheza winga! Kwetu mtu wa hivyo anapelekwa kuombewa. Yeye alipelekwa daraja la juu.

Akapanda ngazi kwa ngazi, kutoka viwanja vya changarawe mpaka daraja la tatu, kwenye majukwaa ya watu na polisi wa kumsindikiza. Hapo ndipo alipopenda kupunguza mwendo wa hadithi. Mwaka wa kwanza sikumwelewa, nikadhani amechezesha ligi kuu, maana alikuwa anasema, "Siku nilipokuwa ligi kuu." Mwaka wa pili nikamuuliza ilikuwa mechi gani. Kumbe alikuwa refa wa akiba. Alikaa kwenye benchi dakika tisini, kavaa, kachana nywele, akisubiri mwenzake avunjike mguu, na mwenzake hakuvunjika. Hiyo ndiyo ligi kuu yake. Nilicheka peke yangu kuanzia pale mpaka Doonside.

Halafu kulikuwa na habari ya ndugu yake, na hiyo aliisimulia vilevile kila mara, bila kuongeza wala kupunguza. Refa aliyepangiwa mechi ya mji wake na mji wa jirani aliugua, wakampa yeye. Mdogo wake alikuwa golikipa. Mama yao alikuwa jukwaani. Kipindi cha pili mdogo mtu akatoka golini akamkata mshambuliaji miguu yote miwili. Mzee akatoa nyekundu. Mdogo mtu akaanza kucheka, akidhani kaka anatania, na kaka akabaki amesimama na mkono juu mpaka kicheko kikaisha. Jioni ile mama hakumwekea sahani mezani. Miezi michache baadaye mzee akapanda ndege kuja Australia kutandika vigae, na yeye na mdogo wake hawakuongea tena.

"Kila mtu alijua ni ndugu yangu," alikuwa anamaliza hivyo. "Ndiyo maana niliunyanyua mkono juu sana."

Nami nilikuwa nashika usukani nawaza: mzee mzima, unajisifia nini? Umempoteza mdogo wako kwa sababu ya faulo. Hata huku alikuja kufanya yaleyale. Aliwachezesha Wataliano wenzake wikendi baada ya wikendi, wakamtobolea matairi, wakamngoja kwenye maegesho, na yeye akayahesabu matairi yale kama nishani. Mkewe alishafariki. Nyumbani kwake nilimwona na kabati la vioo limejaa vipenga, na picha ya binadamu sikuona hata moja. Nilikuwa namfikisha mlangoni, namshukuru kwa mafunzo, na nikigeuza gari nafyonya.

Sasa mniruhusu niseme nilichokuwa nakitaka mimi, maana sikuwa nabeba mzee bure. Nilikuwa nataka beji ya daraja linalofuata, ile ya kuchezesha ligi ya jimbo, kwenye viwanja vyenye taa na majina kwenye ubao. Ukaguzi ulikuwa wa mechi nne kwa msimu. Nilikuwa nimefaulu tatu. Wa nne ulikuwa umebaki, msimu ulikuwa umebakiza wiki moja, na kwa umri wangu ile ilikuwa nafasi ya mwisho. Mwaka unaofuata wasingenipokea. Ghalani mimi ni mtu wa kuambiwa sogeza hiki, beba kile, na msimamizi wangu hata kunitazama hanitazami. Uwanjani nikipuliza, watu ishirini na wawili wanasimama. Nilikuwa naitaka beji ile mpaka usingizini.

Ijumaa ratiba ikaingia kwenye simu. Mechi yangu ya nne ilikuwa ya timu ya watu wetu wa Doonside, na kocha wa timu ile ni baba mzazi wa mke wangu.

Kwenye ratiba kuna swali, na unalijibu kabla ya kukubali mechi: je, una uhusiano na mtu yeyote wa timu hizi? Nililitazama lile swali muda mrefu. Nikijibu ndiyo, wanampa mtu mwingine, na mimi basi tena. Mke wangu alisoma begani kwangu. Akaniuliza kama nimepanga kumwonyesha baba yake kadi. Nikamwambia aache kukuza mambo, kocha hana kazi ya kupewa kadi, anakaa kwenye benchi lake anapiga makofi. Akanikata jicho akarudi jikoni. Nikabonyeza hapana.

Mnaelewa lakini baba mkwe ni nani kwetu? Hunyooshi kidole mbele yake. Hunyanyui sauti, hunyanyui mkono mbele ya uso wake, ukimpa kitu unampa kwa mikono miwili umeinama kidogo, hata kama ni glasi ya maji tu. Na huyu wangu alikuwa mwalimu kambini, na ualimu haujamtoka mpaka leo. Timu anaifundisha amevaa koti la suti. Mchezaji akipoteza mpira anaitwa kwa jina lake na la baba yake.

Siku yenyewe kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilimleta Mtaliano, nikamkunjulia kiti, nikamwekea blanketi magotini, naye bila asante akaanza kuandika. Akina mama wetu walikuwa upande mmoja na mabakuli yao ya wali, wazungu upande wa pili na mikate yao ya soseji. Wakati wa kuingia nilipita mbele ya baba mkwe bila kumwamkia. Nilimtazama kifuani, kwenye vifungo vya koti. Yeye akatikisa kichwa taratibu, kama anayesema sawa mwanangu, uko kazini. Hapo nikamshukuru sana moyoni.

Kipindi cha kwanza nilichezesha vizuri, na nasema hivyo bila aibu. Nilikuwa karibu na mpira, kipenga kinasikika, mikono imenyooka. Nilimwona Mtaliano haandiki, na mkaguzi akiwa haandiki ni habari njema.

Dakika za mwisho kabisa, sare, vijana wetu wakafunga. Watu wakaruka na mabakuli. Nikageuka nikaona kibendera kiko juu: kuotea. Mshika kibendera alikuwa bwana mmoja mnene, fundi bomba, mpole wa watu. Na ilikuwa kuotea kweli, kipofu angeiona. Nikakataa goli.

Baba mkwe akainuka. Hakukimbia, walimu hawakimbii. Alitembea mpaka kwa yule fundi bomba, akamnyang'anya kibendera mkononi, kama anavyomnyang'anya mwanafunzi manati, akakiweka nyuma ya mgongo wake, akaanza kumweleza kwa Kiswahili maana ya kuotea.

Loo. Kumgusa mshika kibendera ni nyekundu. Hakuna onyo, hakuna njano, hakuna mjadala. Nilianza kutembea kuelekea kwake. Njia nzima nilikuwa najiambia nyanyua mkono, nyanyua mkono, ni sekunde moja tu. Nikafika. Nikaitoa kadi mfukoni. Na mwili wangu, sijui niuelezeje, mwili wangu ukafanya unachojua. Niliinamisha kichwa, nikaishika kadi kwa mikono miwili, nikampa.

Naye akaipokea! Kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama heshima inavyotaka. Akaitazama, akanitazama, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Akamrudishia fundi bomba kibendera chake, akatoka uwanjani taratibu mpaka nje ya uzio. Sijawahi kuona kocha anafukuzwa kwa amani namna ile. Kwa upande wa wazungu mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama ile ni kadi au barua ya mwaliko. Mchezaji wao akaja kuniuliza kama kocha ametoka au ameenda msalani. Nikapuliza, tukaendelea, mechi ikaisha sare.

Chumba cha marefa kilikuwa chumba cha vifaa tu, nyavu na koni na benchi moja. Mtaliano alikuwa amekaa, fomu mbele yake. Nilisubiri matusi. Badala yake akaniambia mechi ilikuwa nzuri, uamuzi wa goli sahihi, uamuzi wa kadi sahihi. Lakini kadi inanyanyuliwa juu, ionwe na kila mtu, na mimi nimeitoa kama mtu anayetoa sadaka. Hicho atakiandika. Tatizo lake ni namna ya kukiandika. Akiandika kwamba refa alisahau utaratibu, ni kosa dogo, nimefaulu. Akiandika kwamba refa alimheshimu kocha, chama kitauliza kwa nini.

Akaweka kalamu chini.

"Yule mtu," akasema, "ni nani kwako?"

Nilijua vizuri kinachoulizwa. Nikisema ni baba mkwe, nimedanganya kwenye ratiba, mechi inafutwa, beji kwaheri. Mtaliano alikuwa ananitazama kwa yale macho yake mabovu, na nitasema ukweli, sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa tayari na jibu tangu Ijumaa.

"Si mtu wangu," nikasema. "Ni mtu tu wa jamii yetu. Simjui vizuri."

Mlango ulikuwa nyuma yangu, na nilikuwa nimeuacha wazi. Nikaona Mtaliano anatazama juu ya bega langu, nikageuka. Baba mkwe alikuwa amesimama pale, kadi mkononi. Kiingereza amejifunza ukubwani kwenye darasa la kanisa, na hakijui sana, lakini kile nilichokisema mimi ni Kiingereza cha wiki ya kwanza.

Hakunitazama. Alimsogelea Mtaliano. "Samahani, bwana," alisema taratibu. "Nimeleta kadi ya refa." Akaiweka juu ya benchi, si mkononi mwangu, akatoka akafunga mlango bila kuubamiza.

Ningeweza kumfuata. Ilikuwa hatua tano tu. Nilibaki nimesimama nazitazama zile koni.

Mtaliano akachukua kalamu, akaandika, akaigeuza fomu upande wangu. Kusahau utaratibu. Amefaulu. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi yangu. Hakunipa kalamu mara moja, aliishika tu.

"Mimi nilimtoa mdogo wangu nje," akasema. "Sikusema simjui."

Yule mzee! Yule mwenye kabati la vipenga, mkaa benchi wa ligi kuu, ambaye misimu minne nilimfyonya kila nikigeuza gari! Nilitamani anitukane, nimjibu. Nilitamani aichane ile fomu yeye mwenyewe, ili niwe na wa kumlaumu. Hakuichana. Alinyoosha kalamu na kungoja, na aliningoja muda mrefu, nadhani mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuningoja. Nikaichukua nikasaini.

Tulirudi Toongabbie. Hakusimulia chochote, wala milima wala mama wala daraja la tatu. Nilimfungulia mlango wa gari, akatoka kwa ule muda wake, akaingia ndani bila kugeuka. Wiki iliyofuata alikiambia chama kwamba amepata dereva mwingine, kijana wa jirani. Sijamwona tena zaidi ya kwa mbali, kwenye kiti chake, akimharibia mtu mwingine Jumamosi.

Beji ilikuja kwa posta. Mke wangu aliishona kwenye fulana akiwa amenuna, maana hadithi ilikuwa imeshamfikia, si kutoka kwangu.

Jumapili, siku moja tu baada ya mechi, baba mkwe alikuja kula kwetu baada ya ibada, kama kawaida yake. Nilikuwa nimeomba Mungu asije. Aliketi, akapewa chai, wajukuu wakamning'inia shingoni wakimpigia Kiingereza chao. Nikaja mbele yake, nikainama, nikamwamkia.

"Shikamoo, Baba."

Akaitikia marahaba, vizuri tu, bila hasira yoyote. Akaweka kikombe chini, akanitazama usoni kama mtu anayejitahidi kukumbuka. Halafu akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kwa adabu yote ya mgeni, jina langu ni nani. Watoto wakacheka mpaka wakamwaga juisi, wakidhani babu anatania. Yeye hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu, mikono imetulia magotini.

Nikamtajia jina langu. Akasema amefurahi kunifahamu.